Siku 14 au dakika 10: kipimo kipi kiamue dawa itoke?

Kila likitajwa hili swala la kutafuta vijidudu kwenye dawa za sindano kwa kutumia elektroforesisi ya kapilari, yaani kuvisafirisha kwa umeme ndani ya mrija mwembamba, watu wanagawanyika, hawa wanasema kuotesha kwa siku 14 kumepitwa na wakati, wale wanasema hiyo ya kapilari ni haraka tu haina uhakika, na mi naona wote wanabishana kama vile dawa zote ni za aina moja wakati sio.

Tuanze na ya zamani. Unachukua dawa unaichuja au unaiweka moja kwa moja kwenye chakula cha vijidudu, kuna cha aina mbili, kimoja kinakaa nyuzi 30 mpaka 35 kingine 20 mpaka 25, unasubiri siku 14, kikichafuka ujue kuna kitu. Uzuri wake ni kwamba hata seli moja ikipata nafasi itazaana mpaka uione kwa macho. Ubaya ni kwamba wapo vijidudu viko hai kabisa ila hapo kwenye hicho chakula haviwezi kuota, na pia zipo tiba ambazo hizo siku 14 hazina. Platileti, zile chembe za kugandisha damu anazoongezewa mgonjwa, zinatunzwa nyuzi 20 mpaka 24, joto ambalo bakteria wanalipenda, na kwa kawaida zinadumu siku 5 hivi. Dawa za mionzi zenye florini-18 ndo kabisa, nusu ya nguvu inaisha kwa dakika 110, zinachomwa siku hiyohiyo, kwahiyo majibu ya kuotesha yanarudi dawa imeshaingia mwilini mwa mtu siku nyingi. Hapo kipimo kinabaki kuwa kumbukumbu, hakimlindi yule aliyechomwa.

Sasa kapilari. Ni mrija mwembamba kama unywele, unapitisha umeme wa maelfu ya volti, na kwa kuwa bakteria wengi wana chaji hasi kwenye ngozi yao wanasafiri. Shida iliyosumbua ni kwamba kila seli ina chaji yake, zingine zinanata ukutani, zingine zinashikana, unapata alama pana isiyoeleweka. Mkemia Daniel Armstrong na wenzake huko Marekani waligeuza hilo tatizo, kwenye kazi zao za 2006 na 2007 walitumia sabuni moja inaitwa CTAB kuwasukuma vijidudu wote kutoka kwenye sampuli, afu mbele yao kuna kipande cha kimiminika cha kuwazuia, wanajikusanya hapo, leza inapiga ile rangi waliyopakwa na unaona alama moja nyembamba haijalishi ni wa aina gani. Dakika kama 10 umemaliza, na walionyesha hata seli moja inaonekana. Kwangu hii ni akili kubwa sana, manake swali la kwanza sio "ni nani huyu", swali ni "kuna mtu humu au hamna".

Lakini hapo kwenye seli moja ndo watu wanateleza. Piga hesabu mwenyewe, mrija wa kipenyo cha ndani maikromita 100 na urefu sentimita 30 ukiujaza wote unabeba maikrolita kama 2.4 tu. Dawa ikiwa na kijidudu kimoja kwenye kila mililita, nafasi ya kukikuta humo ni kama 1 kati ya 400. Mashine inaiona seli ikiwa imeingia, ila kuingia kwenyewe ndo bahati, kwahiyo lazima uchuje na kukusanya kwanza na hapo dakika 10 zinaongezeka. Alafu rangi nyingine zinapaka mpaka vijidudu vilivyokufa, unaweza ukatupa dawa nzima kwasababu ya mizoga.

Na kuna jambo halitatuliwi na upande wowote. Ukichukua chupa 20 kwenye bechi, yaani dawa zilizotengenezwa kwa mkupuo mmoja, ambayo asilimia 1 imechafuka, nafasi ya kuigundua ni kama asilimia 18, hata uwe na mashine gani. 2012 Marekani sindano za NECC, kampuni iliyokuwa inachanganya dawa, zenye fangasi ziliua watu zaidi ya 60, na baadhi ya bechi zilisafirishwa kabla majibu ya kipimo hayajarudi. Yale yalianzia kwenye uchafu wa chumba cha kutengenezea, ila mi naamini subira ndefu nayo inamshawishi mtu kuruka.

Kwahiyo msimamo wangu, dawa inayokaa stoo miaka miwili isubiri siku 14 zake, gharama ni nafasi ya stoo tu, kapilari itumike mapema kuzuia na sio kuruhusu. Ila kwa platileti, dawa za mionzi, na seli za mgonjwa mwenyewe zinazorekebishwa afu anarudishiwa huku hali inazidi kuwa mbaya, kipimo cha haraka kipewe nguvu ya kuamua hata kama kinakosea wakati mwingine, kwasababu mbadala wake pale ni kutokuwa na jibu lolote. Na nusu ya sampuli iwekwe pembeni bila kuguswa, CTAB inaua vijidudu, na siku mashine ikisema kuna kitu daktari atataka kijidudu kilicho hai ili ajue antibayotiki gani inakiweza.