Inboksi Imejaa, Nami Nimefurika

Jana usiku nimekaa kwa heshima zangu zote, miwani puani, nimtumie mtu kiambatisho kimoja. Kimoja tu, kurasa mbili! Nabonyeza "Tuma", inakuja sentensi nyekundu: nafasi imejaa, huwezi kutuma wala kupokea. Wala kupokea! Kumbe siku nne nzima watu wananiandikia na barua zinawarudia, nami huku nawanunia kimoyomoyo kwamba wamenisahau.

Mtoa huduma wangu wa barua pepe simtaji. Anajijua. Tuko naye tangu enzi zile ukurasa unafunguka mstari kwa mstari, na anwani yenyewe niliifungua ujanani, ndiyo maana ina neno "mtanashati" na namba 77. Hiyo ndiyo iko benki. Hiyo ndiyo iko kwenye wasifu wangu wa kazi. Majuzi karani mmoja kaisoma kwa sauti mbele ya foleni, herufi kwa herufi, alipofika kwenye "mtanashati" akainua macho, akanitazama toka utosini mpaka viatuni, akaendelea kuandika bila kusema neno.

Nikasema basi, nahama. Mtu mzima hachukui cha kwanza alichopewa, hulinganisha. Nikatoa daftari, nikapiga mistari kwa rula.

Safu ya kwanza, nafasi. Gmail wanatoa GB 15 za bure, ila humo humo zinalala barua, picha na mafaili yako ya Drive, ghala lao la mtandaoni, kitanda kimoja shuka moja. Outlook GB 15 za barua. iCloud GB 5. Proton, wale wa Uswisi, bure yao haizidi GB 1. Nikaguna. Halafu nikakumbuka kwamba Hotmail ilipoanza mwaka 1996 tulipewa MB 2, na tukaishi, tukaandikiana, wengine wakaoana. Gmail walipotangaza GB 1 tarehe 1 Aprili 2004, watu walidhani ni mzaha wa Siku ya Wajinga. Leo hiyo GB 1 inamalizwa na mtu mmoja anayependa kurekodi sherehe.

Safu ya pili, usalama. Hapo ndipo nilipofanya kosa la kumwita mpwa wangu.

"Mjomba," akasema, hata kiti hajakivuta, "nafasi si hoja. Hoja ni nani mwenye ufunguo wa barua zako."

"Kwani nani anao?"

"Kwa wengi, mwenye seva, ile kompyuta inayotunza barua. Barua inafungwa njiani, ila ikifika kwake anaweza kuifungua. Proton na Tuta, hao Tuta ni wa Ujerumani, wanaifunga kiasi kwamba hata wao hawawezi kuisoma."

Nikaandika "Uswisi" na "Ujerumani" kwa wino wa bluu.

"Ila ukimwandikia mtu aliye kwa mtoa huduma mwingine, barua ya kawaida, huko kwake haina kufuli hilo."

"Yaani nafunga mlango wangu, ufunguo naacha kwa jirani?"

"Labda uiwekee nywila. Halafu Proton kufuli hilo haligusi kichwa cha habari. Tuta wanakifunga nacho."

Hapo nikanyamaza. Mimi, ndugu zangu, barua yote huwa naiandika kwenye kichwa cha habari. Ndani naacha "kama nilivyosema hapo juu".

"Basi Tuta," nikasema.

"Sawa. Ila ukipoteza nywila pamoja na ule msimbo wa kurejesha, hakuna wa kukufungulia. Hata wao."

Nikawafuta kwenye daftari. Polepole, kwa heshima, maana hawana kosa. Mwenye kichwa kinachovuja ni mimi.

Akaniletea hoja ya tatu, na hii nakiri ina akili: ununue kikoa chako mwenyewe, yaani lile jina linalofuata alama ya @, anwani iwe mali yako, kisha utakapochoka na mtoa huduma unaelekeza rekodi za MX, zile zinazosema barua zipelekwe wapi, kwa mwingine na hakuna anayejua umehama. Hakuna kuzunguka benki na ofisi kubadilisha. Nikauliza inalipiwa mara ngapi. Kila mwaka. Na nikisahau kulipa? "Jina linaweza kuchukuliwa na mtu mwingine, Mjomba." Mtanashati 77, kwa mabaya yake yote, hakuna aliyewahi kuiwania.

Basi nikachagua mmoja, naye simtaji, nikaanza kujisajili.

Kwanza wakataka nithibitishe kwamba mimi ni binadamu. Mashine inaniuliza mimi! Chagua picha zote zenye taa za barabarani. Nikachagua. Jaribu tena. Nikavua miwani, nikaifuta, nikachagua. Jaribu tena.

"Mjomba, bonyeza na huo mlingoti."

"Mlingoti si taa."

"Bonyeza tu."

"Mimi siwezi kusema uongo ili nithibitishwe ubinadamu."

Akabonyeza yeye. Tukapita. Sasa jina: langu na la baba, limechukuliwa. La babu, limechukuliwa. Nikaweka nukta katikati kwa werevu mkubwa, mpwa akanicheka, akasema shukuru hapa si Gmail, kule nukta hazihesabiwi kabisa. Wenyewe wakanipendekezea jina langu lenye tarakimu 6 mkiani, kama mfungwa. Nikakubali. Umri huu mtu anachagua vita.

Nywila: iwe na herufi kubwa, ndogo, namba na alama. Nikaandika jina la marehemu babu, lenye mshangao mwishoni. "Dhaifu." Babu yangu! Mtu aliyekuwa akinyanyua jiwe la kusagia kwa mkono mmoja! Nikaongeza mwaka wake wa kuzaliwa. "Wastani." Nikapiga vidole ovyo kwa hasira, ikaandika "Imara", na hiyo nywila hakuna duniani anayeijua, mimi nikiwemo. Mpwa akairudia nyingine akaihifadhi kwenye programu yake ya nywila, akisema neno "hatua mbili", yaani kuthibitisha mara mbili kila unapoingia, ambalo sikutaka kulisikia.

Kisha: tumetuma msimbo kwenye barua pepe yako nyingine, utaisha baada ya dakika 10.

Tukatazamana.

"Mjomba. Barua pepe yako nyingine ni ipi?"

"Mtanashati."

"Si imejaa?"

Jamani, zile mbio! Nikafuta matangazo 2,000 kwa mkupuo, kipimo hakikusogea hata nukta. Kumbe vilivyofutwa viko Tupioni, na Tupio nalo linahesabiwa mpaka ulimwage. Nikamwaga. Kikashuka kaunyoya, maana matangazo ni mepesi. Wanaokula nafasi ni viambatisho. "Panga kwa ukubwa!" mpwa anapiga kelele. Nikapanga. Ya kwanza kabisa, MB 24, mtumaji mimi, mpokeaji mimi, mwaka 2012, kichwa cha habari: MUHIMU USIFUTE. Nikaifungua kwa mkono unaotetemeka. Mwongozo wa printa. Printa ilishakufa, na nilipoitupa nilishukuru. Lakini nimeandika usifute. Nikaiacha.

"Mjomba, futa!"

"Nilikuwa na sababu zangu."

Dakika 10 zikaisha hapo hapo. Tukaomba msimbo mwingine, huo ukaingia na kwenda kujificha kwenye Barua Taka, tukauona umeshachacha. Mpwa akaaga. Hakuaga vizuri.

Nikabaki peke yangu humo ndani, na ukishaanza kushuka kwenye kisanduku cha zamani huwezi kutoka. Kuna matangazo ya mashindano niliyoshinda bila kushiriki. Kuna wasifu wangu wa kazi matoleo 9, la mwisho linaitwa "la mwisho kabisa2". Na kuna barua ya mwaka 2009, ya rafiki yangu wa shule, sijawahi kuifungua: mstari mmoja, ananiuliza kama niliipata ile barua yake ya kwanza.

Nikaitafuta ile ya kwanza. Ilikuwepo. Nikakaa, nikamwandikia aya nne, safari hii ndani ya barua, si kwenye kichwa cha habari. Nikaomba radhi kwa kuchelewa. Nikabonyeza "Tuma", ikaenda. Kabla sijavua miwani, imerudi. Kisanduku chake kimejaa.