Kayongo: mbegu ya dukani au desmodiamu?

Mahindi yakifika magotini huko Siaya au Busia, magharibi mwa Kenya, kuna shamba utalipita ukadhani limekosa mvua. Majani yamepauka na kusinyaa, ilhali udongo una unyevu. Wiki chache baadaye maua ya zambarau yanachomoza kati ya mistari, na mwenye shamba anajua amechelewa. Gugu hilo ni kayongo, nalo hufanya uharibifu wake mwingi chini ya ardhi, ikiwa imejishikiza kwenye mizizi ya mahindi, mtama au wimbi. Ndiyo maana wengi walisema shamba limelogwa. Wasichekwe: wanasayansi wenyewe waliipa jina Striga, ambalo kwa Kilatini ni mchawi.

Mmea mmoja unaweza kutoa mbegu 50,000 na zaidi, ndogo kama vumbi, nazo hukaa ardhini zaidi ya miaka 10 zikingoja mzizi upite karibu. Tuzikabili vipi?

Wapo wanaosema jibu liko dukani. Mahindi ya Ua Kayongo yanastahimili dawa ya magugu ya imazapiri, basi mbegu hupakwa dawa hiyo kabla ya kuuzwa. Kayongo ikijaribu kunyonya mzizi, inanyonya sumu. Faida inaonekana msimu uo huo, na shamba linabaki lilivyokuwa. Anayepima unga kwa gorogoro hana subira ya misimu mitatu, na simlaumu. Ila mbegu hiyo hununuliwa upya kila msimu. Tena mkono ulioishika ukigusa mbegu za maharagwe kabla ya kunawa, maharagwe yanaweza kuharibika. Kwetu mahindi na maharagwe hupandwa asubuhi moja, na mtu yule yule, mara nyingi mbali na maji. Kwangu kasoro hii inazidi ile ya bei, lakini huwa inatajwa harakaharaka tu.

Upande wa pili unatoka Mbita, kando ya Ziwa Victoria, ambako mwanasayansi Zeyaur Khan na wenzake wa ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu, walifanyia kazi kilimo cha vuta-sukuma. Kilikusudiwa viwavi wanaotoboa mabua: nyasi ya nepia iliyopandwa kuzunguka shamba huwavuta nondo wanaozaa viwavi hao, na desmodiamu, mmea wa malisho wa jamii ya kunde, kati ya mistari huwafukuza. Kumbe kayongo nayo ikapungua. Mizizi ya desmodiamu hutoa kemikali zinazoziamsha mbegu za kayongo, pamoja na nyingine zinazozizuia kushika mzizi wa mahindi. Zinaamka, zinakosa pa kunyonya, zinakufa. Akiba ya miaka ardhini inapungua msimu baada ya msimu, jambo ambalo mbegu iliyopakwa dawa hailifanyi kwa namna hiyo. Juu ya hayo desmodiamu hurutubisha udongo, na ng'ombe huipenda.

Hapo kwenye ng'ombe ndipo ninaposita. Mwenye ng'ombe wa maziwa huvuna mara mbili, mahindi na malisho. Asiye naye amepanda kitu cha kufyeka tu, tena kimechukua nafasi ya maharagwe yake katika kishamba cha robo ekari pale Vihiga. Desmodiamu na nepia hukaa shambani miaka, hivyo baada ya mavuno, mifugo ya jirani ikiachiliwa, zitaliwa zisipozungushiwa uzio. Na aliyekodi shamba kwa msimu mmoja atampandia nani? Kwa hiyo mwenye ardhi yake na mfugo, hata mbuzi wawili, ningemwambia aanze vuta-sukuma hata kwenye kona moja. Mpangaji ningemwacha na mbegu yake ya dukani, na ndoo ya maji na sabuni kando ya shamba.

Pande zote mbili zinausahau udongo wenyewe. Mzizi wa mahindi uliokosa fosforasi hutoa zaidi ile ishara inayoiamsha kayongo, kwa hiyo shamba lenye njaa huiita kwa sauti kubwa. Samadi na kupokezana mazao na kunde au soya havina kampuni ya kuvipigia debe.

Kung'oa kwa mkono nako hudharauliwa, kwa kuwa mahindi ya msimu huo yameshaumia. Ni kweli, lakini kinachookolewa ni shamba la mwaka ujao, mradi ing'olewe kabla ya kutoa mbegu. Iliyokwisha kutoa maua ichomwe. Nimeona mafungu yake yametupwa kwenye njia ya maji, na mvua ikishuka yanaelekea moja kwa moja shamba la chini.