Mchungwa Juu ya Shina la Mlimau: Kushika na Kupatana Si Kitu Kimoja

Katika mashamba ya Muheza, mkoani Tanga, mchungwa mara nyingi husimama juu ya mizizi ya mlimau, na kwa hiyo suala la kubebesha aina moja ya mti juu ya aina nyingine linagusa moja kwa moja kipato cha wakulima wa huko. Mche ukishika kitaluni, wengine huchukulia kwamba miti hiyo miwili imepatana, yaani itaishi pamoja vizuri kwa miaka mingi.

Wanaoutetea mlimau wana hoja nzito: mizizi yake huvumilia kiangazi na mche hukua upesi. Wanaoupinga hujibu kwamba chungwa lake huwa na sukari pungufu, na kwamba shina hilo huozeshwa kirahisi na maji yanayotuama. Wao hupendelea mdanzi, yaani mchungwa mchungu, unaohimili uozo huo na kuzalisha tunda bora zaidi.

Hoja hiyo ya pili ni ya kweli, lakini ina hatari kubwa. Kikonyo cha mchungwa, yaani kijiti kinachobebeshwa juu ya shina jingine, hushika vizuri sana juu ya mdanzi na mti huweza kuzaa kwa miaka mingi. Hata hivyo, virusi vya tristeza, ambavyo huenezwa na vidukari, vikiingia, njia zinazoshusha chakula kutoka kwenye majani hufa kwenye kiungo, pale miti miwili ilipounganishwa, na mizizi ikabaki na njaa. Ukibandua gome la mdanzi chini kidogo ya kiungo, upande wake wa ndani huonekana vitundu vingi vidogo mithili ya sega la nyuki. Mamilioni ya michungwa iliangamia hivyo Amerika ya Kusini kuanzia miaka ya 1930, ilhali mchungwa uliobebwa na mlimau huvumilia virusi hivyo vizuri zaidi.

Ukaribu wa ukoo nao hautoi dhamana. Michungwa mingi hupatana na *Poncirus trifoliata*, mti wa ukoo wa michungwa ambao kwa muda mrefu wataalamu waliuweka katika jenasi (kundi la aina zinazokaribiana) yake peke yake, lakini Eureka, aina ya mlimau, ukibebeshwa juu ya mti huohuo hudhoofika baada ya miaka kadhaa.

Ndiyo maana siwezi kukubali hesabu ya miche iliyoshika kitaluni ichukuliwe kuwa ushahidi wa kupatana. Inaonyesha tu kwamba tabaka hai chini ya magome mawili zimeungana. Kwa Muheza ningebaki na mlimau, vikonyo vikichukuliwa kwenye miti isiyo na ugonjwa, na penye bonde linalotuamisha maji ningeinua matuta kabla ya kuufikiria mdanzi.