Nilimsalimia mwenye duka akadhani nataka deni

Wiki yangu ya kwanza Nairobi nilikuwa nakaa Umoja, asubuhi nikateremka dukani kununua maziwa na mkate. Nikafika pale kwa zile grili ambazo mwenye duka unamuona nusu uso, nikaanza kama nilivyolelewa, salaam aleikum, habari za asubuhi, umeamkaje, watoto hawajambo? Jamaa akaniangalia kwanza, akafuta mikono, akasema, "Boss, hapa deni hatupeani." Walahi nilicheka mpaka nikasahau mkate.

Mimi mtoto wa Mombasa, Kibokoni kule Mji wa Kale. Kwetu kutoka mlangoni hadi soko la Marikiti ni mwendo wa dakika kumi lakini hujawahi kufika kwa dakika kumi, kuna wazee wa barazani na kahawa tungu yao, kuna bibi wa mbaazi na mahamri, kuna mwenye kukaanga viazi karai, na wote hao ukiwapita kimya jioni mamako ataulizwa kama mwanawe anaumwa. Sasa mtu wa hivyo unampeleka Nairobi, amepanda matatu asubuhi watu kumi na nne wamekaa kimya na earphone masikioni, makanga hasemi hata nauli, anakugonga bega tu na noti zake alizokunja vidoleni. Nilidhani kuna msiba.

Wageni wangu wote kutoka nyumbani wanasema neno moja, hawa watu hawana utu. Na mimi nililisema sana miaka ile, nililisema hasa siku za mvua, ile nauli ya hamsini inageuka mia mbele ya macho yako na hakuna wa kukuonea huruma umelowa kama kifaranga, halafu ni Julai na mimi sweta sikuwahi kumiliki maishani. Mji uko mita karibu 1,700 juu ya bahari, na jina lenyewe ni la Kimaasai, maji baridi, yaani tuliambiwa mapema hatukusikia.

Lakini mwaka juzi nikagongwa na boda nikavunjika mguu. Keateka, yule msimamizi wa ploti tunayokaa, akafungua grupu ya WhatsApp, akaiita Mguu wa Mpwani, nikaona haya lakini ndo hivyo. Mtu wa kwanza kutuma Mpesa alikuwa jirani wa mlango kumi na nne, ambaye nimemsalimia miaka mitatu bila kunijibu zaidi ya kuinua nyusi. Elfu mbili, na meseji ya maneno mawili: "Pole msee." Baada ya hapo nyusi zikaendelea kama kawaida. Na yule wa grili, yule wa deni hatupeani, alinitumia maziwa na mkate kila asubuhi wiki tano nzima kwa mkono wa kijana wake, akiandika kwa kitabu, na hakuniulizia pesa hata siku moja mpaka nilipoteremka na magongo yangu mwenyewe.

Kwa hivyo mimi ile ya kusema hawana utu nimeiacha. Wanao, ila hawauweki mdomoni. Na nikisema kweli, salamu za kwetu pia zina yake. Zile habari za nyumbani, za kazi, za mama, ni upendo sawa, lakini pia ni polisi. Nilipoacha kazi ya bandarini ningekuwa Kibokoni ningejadiliwa barazani mwezi mzima, kila kona nijieleze, na juu yake niulizwe naoa lini. Hapa nimekaa bila kazi miezi minne na ploti nzima hakuna aliyejua, nikajifunza kazi ya kinyozi polepole nikiwa mbovu bila mtu kunicheka. Kule ningekuwa mtoto wa fulani aliyeacha kazi nzuri. Hapa hakuna fulani.

Kitu ambacho bado kinanikera ni hii ya vijana wa hapo kinyozini ninapofanya kazi kuniambia watu wa Coast ni wavivu. Mwanamke anayeuza mahamri asubuhi saa kumi na mbili ameamka saa tisa usiku, kakuna nazi, katwanga iliki, kasukuma unga, kakaanga, wewe ulikuwa unakoroma. Tena hiyo reli iliyouzaa huu mji ilianza kwetu 1896, ikafika hapa 1899 ikakuta malisho na baridi, kwa hivyo Nairobi ni mjukuu wetu na mjukuu haambii babu mvivu. Halafu wanakula mandazi yasiyo na iliki wala nazi, mkate umekaangwa basi. Chapo madondo, yaani chapati na maharagwe, nawapa, hapo wameshinda.

Nisichokuwa nimekitarajia ni vile mji unakuingia bila kubisha hodi. Nilikuwa nawacheka wakisema kiatu yangu, sai nasikia mdomo wangu wenyewe unasema kiatu yangu. Desemba nikaenda nyumbani na treni, nauli ya chini yenyewe imepanda kutoka 1,000 hadi 1,500 lakini tuyaache, nikafika usiku, asubuhi mama akanituma kwa ami wa dukani, duka lile lile la utotoni, halina grili, ami mwenyewe kakaa nje kwa stuli. Nikasimama mbele yake nikasema, "Nipe maziwa mbili."

Ami akaniangalia. Akakunja gazeti lake taratibu, akaliweka.

"Waaleikumu salaam," akanijibu. "Hujambo mwanangu? Umekuja lini? Mama hajambo?"

Na maziwa yenyewe hakuinuka kuyachukua mpaka nilipomaliza kumjibu yote matatu.