Sabufa ya Baba Mkwe

Kuna mambo mkwe hafanyi. Habeui mezani kwa wakwe, hakalii kitanda chao, na hampandishii sauti baba mkwe. Sawa, nimekubali. Sasa nielezeni, ukijaaliwa baba mkwe ambaye usipompandishia sauti hasikii, heshima unaipitishia mlango upi?

Nikimwambia "Shikamoo baba," kwa adabu, macho chini, ananikazia uso: "Ameoa? Nani ameoa?" Nikirudia kwa nguvu kidogo, mke wangu huyo, katoka jikoni na mwiko: "Baba Zuhura! Unamgombeza baba yangu?" Hapa mtaani Chikongola mimi ndiye yule mkwe anayefokea wazee alfajiri. Hata muuza maandazi ananitazama vibaya.

Mwenyewe hakubali kwamba masikio yamechoka. Hospitali tulimpeleka, wakamtoa nta sikio la kushoto, akarudi nyumbani akiishangaa feni yake kumbe inapiga kelele. Yaliyobaki, wakasema, ni umri. Ukimtajia kile kifaa cha kuvaa sikioni, anakujia juu: yeye mzima, ila watangazaji wa siku hizi wanameza maneno. Walimu wa zamani ndivyo walivyo, kosa siku zote ni la mwanafunzi.

Sasa huyu mzee ana kompyuta ya mezani, na ana mikorosho kule Nanyamba. Vitu viwili hivyo vikikutana, Oktoba minada ikianza, nyumba haina amani. Kila taarifa ya bei lazima aifungue. Na stakabadhi ghalani, yaani kupeleka mazao ghalani, kupewa risiti na kusubiri yauzwe mnadani, si jambo geni kwake, huku Mtwara korosho inauzwa kwa utaratibu huo tangu 2007, kapanga foleni zake mwenyewe. Lakini neno lenyewe likitoka kwenye vispika vya kompyuta linamfikia limekatwakatwa. "Kadhi yuko ghalani? Kadhi kafanya nini mpaka wamfungie ghalani?" Nenda ukamweleze. Kwa sauti ya chini, kwa heshima.

Shemeji yangu aliyeko Dar akasikia habari hizo. Shemeji ni mtu wa kutatua mambo kwa ukubwa. Akatuma kwa basi sabufa yenye taa za buluu zinazokimbizana, boksi limeandikwa kwa herufi za dhahabu: wati 8,000. Na pembeni yake PMPO, herufi nne ambazo wauza redio wanaziweka ili wapate ruhusa ya kuandika namba yoyote waitakayo. Geuza nyuma, washa tochi, soma kibandiko: wati 40. Na heri iwe hivyo. Zingekuwa elfu nane za kweli, ikifunguliwa mpaka mwisho ingekula uniti 8 za LUKU kila saa. Gesi yote ya Mnazi Bay, inayotuzalishia umeme huku, ingeishia kwenye taarifa ya habari ya mzee mmoja.

Tukaiwasha. Bati likatetemeka. Vikombe vya mke wangu vya wageni, vile ambavyo mimi sijawahi kunywea, vikaanza kutembea kabatini. Baba mkwe akatega sikio, akatulia, akasema: "Mngurumo nausikia vizuri sana. Anasema nini?"

Kuna fundi kijana karibu na stendi, anachomea redio huku anakula embe bichi kwa chumvi, na ndiye aliyenifungua macho. Anasema sikio la uzeeni linaanza kupoteza sauti nyembamba. Sasa herufi kama s, f, sh na t zinakaa huko juu kwenye wembamba, na ndizo zinazotenganisha neno na neno. Zile a na o nzito zinabaki, kwa hiyo mzee anapata mifupa ya neno bila nyama. Besi bado anaisikia vizuri. Kumbe sabufa nzima, na nauli ya mzigo, kazi yake ni kumwongezea mzee kitu asichopungukiwa!

Na watu wengine ndio wanaosikia. Kuna siku alitumiwa kwenye WhatsApp lile tangazo la Novemba 2018, serikali inanunua korosho kilo shilingi 3,300, akalifungulia kwenye sabufa hadi mwisho. Tangazo la zamani, lakini ukuta haukutaja mwaka. Jirani wa nyuma akasitisha kupakia magunia yake. Mwingine akaja na daftari. Mpaka Magharibi nilikuwa nimesimama mlangoni nikitoa ufafanuzi kama afisa ushirika.

Ukifikiri dawa ni kuongeza sauti tu, hujaishi na baba mkwe wangu. Ukiiweka chini: "Sema basi, unanong'ona nini?" Ukipandisha nukta mbili: "Unanipigia kelele za nini, mimi kiziwi?" Nikadhani ni visa vya wakwe. Fundi akasema hapana, ni kawaida, sikio lililochoka hapo katikati kati ya kutosikia na kuumia panakuwa pembamba sana. Nikamwambia fundi, mimi ndiye ninayeishi hapo pembamba.

Mke wangu akataka tununue vispika vile vidogo vya kuchomeka USB, bei rahisi. Vile vinakula umeme wa kompyuta yenyewe, volti 5 kwa nusu ampia, yaani wati 2 na nusu. Hizo hazimwamshi hata paka. Hedifoni nazo tulijaribu. Mzee akazivaa juu ya kofia yake ya mkono, akaanza kuzungumza na shemeji kwa video kwa sauti ya kuita mtumbwi uliovuka ng'ambo.

Tukaishia spika mbili za kawaida za kuchomeka ukutani. Fundi hakuhangaika na wati, maana anasema ukizidisha mara mbili sikio linaona tofauti ndogo tu, lakini ukiisogeza spika ikawa nusu ya umbali ni sawa na kuzidisha wati mara nne. Bure kabisa! Spika zikashushwa kutoka juu ya kabati, ambako mke wangu aliziweka zipendeze, zikakaa mezani karibu na kiwiko cha mzee. Besi tukaiminya chini, trebo juu. Sauti sasa inachoma kama ya mbu, mimi siwezi kukaa chumba hicho, ila kadhi ameachiwa huru.

Ikabaki sabufa. Desemba shule zilipofungwa, jirani akaja kuiazima kwa shughuli ya mwali. Nikasema kuazima hapana, kukodi sawa. Baba mkwe anasema kodi ni yake, sabufa ililetwa kwa jina lake. Mke wangu anasema vikombe viwili vilivunjika, alipwe kwanza. Na jana shemeji kapiga simu kutoka Dar, kaona taa zake za buluu kwenye picha za watu za shughuli, anauliza amewekewa shilingi ngapi.