Tone la asidi kwenye chupa: ujuzi au bahati nasibu?

Molekuli nyingi za dawa zina pacha wake, wanaofanana kama kiatu cha kushoto na cha kulia, na mara nyingi anayefaa ni mmoja. Ili kumpata huyo peke yake, wakemia huchukua metali kama rodiamu, rutheniamu au titaniamu na kuivika ligandi, yaani molekuli inayoshikamana na metali, iliyoegemea upande mmoja; viwili hivyo pamoja ndivyo kichocheo cha mmenyuko. Wakemia Knowles, Noyori na Sharpless walipewa Nobel ya kemia ya mwaka 2001 kwa kazi hiyo, na hapo hakuna ubishi. Ubishi huanza mtu anapoongeza chumvi kidogo au tone la asidi, matokeo yakapanda ghafla, naye akiulizwa sababu anabaki kukuna kichwa.

Wanaopinga viongezi, yaani vitu hivyo vinavyotiwa kando ya kichocheo, husema huko ni kubahatisha. Kupekua chupa za rafuni moja baada ya nyingine hakukufundishi lolote kuhusu mmenyuko utakaofuata, na siku kazi ikigoma kwenye mtungi mkubwa hujui pa kuanzia. Wana hoja. Vichocheo hivi mara nyingi hujiunga viwiliviwili ndani ya kimiminika. Mkemia Kagan alionyesha mwaka 1986 kwamba usafi wa ligandi, yaani kiasi pacha mmoja anavyomzidi mwenzake, na usafi wa zao la mmenyuko si lazima viende sambamba. Tia kitu cha tatu humo, kisha useme umegusa nini!

Lakini mtazame Sharpless mwenyewe. Mwaka 1980, yeye na mwenzake Katsuki walichanganya titaniamu na tatrati, ambayo asili yake ni asidi ya zabibu, wakapata epoksidi (molekuli zenye pete ndogo yenye oksijeni) za upande mmoja. Tatizo likawa matumizi makubwa ya metali: mara nyingi titaniamu ilihitajika karibu sawa na malighafi. Miaka sita baadaye zikaongezwa chembe za zeolaiti, zenye vitundu vinavyonasa maji, na titaniamu ikashuka hadi asilimia 5 au 10. Maji kidogo tu huharibu kichocheo hicho. Hapo kiongezi kina maelezo yake, wala hakuna uganga.

Mfano wa metolaklori, dawa ya magugu, ni mgumu zaidi kwa wapinzani. Kichocheo cha iridiamu yenye ligandi ya ferosini (kiunga chenye chuma) kilikuwa kikichoka mapema mno hadi kilipotiwa asidi na iodidi (chumvi ya iodini). Asidi haikutokana na hesabu ya mtu. Ilionekana katika kujaribujaribu. Kiwanda kilianza mwaka 1996, na molekuli moja ya kichocheo huzalisha zaidi ya milioni 1 za zao. Usafi wa zao hilo ni kama asilimia 80, kiwango ambacho mtengeneza dawa za binadamu angekicheka, ila shambani kinatosha.

Kuna pia wanaosema tuachane na metali kabisa. Sitagliptini, dawa ya kisukari, ilitengenezwa kwa rodiamu kabla ya kimeng'enya (kichocheo cha asili ya viumbe hai) kilichofinyangwa maabara kuchukua nafasi yake, na mabaki ya metali hayakuwa tena jambo la kusafisha. Hoja nzuri, ingawa si kila molekuli itampata mfinyanzi wake.

Mimi naegemea upande wa viongezi, kwa sharti moja: anayetumia kiongezi aeleze pia kilichotokea alipokiondoa, na alikiandaaje. Zeolaiti isiyokaushwa kwa moto kabla ya kutumika huingia chupani ikiwa tayari imejaa maji, na atakayerudia jaribio atamlaumu Sharpless bure.