Miguu Yangu Haijamtongoza Mtu

Jamani, siku hizi hata kujikuna kunataka shahidi. Mtu shingo imekuwasha, umejikuna, mambo yamekwisha. Wapi! Pembeni kuna mwenzako kakutolea macho, anatikisa kichwa polepole kama daktari aliyepokea majibu mabaya ya maabara, kisha anakuinamia sikioni: "Umempenda yule."

Yule nani? Mimi nimeumwa na mbu!

Kazini kwetu tunaye bingwa wa lugha ya mwili. Cheo hicho hakupewa na mtu, alijitunuku mwenyewe baada ya kukesha akitazama video. Toka hapo hatuna raha. Kikao kikiitwa, sisi tunatazama ubaoni, yeye kajifanya kaangusha kalamu, yuko chini ya meza anakagua viatu vya watu. Anasema uso hudanganya lakini unyayo haudanganyi, kwamba ncha ya kiatu huelekea pale moyo ulipo. Basi akaibuka na kalamu yake na taarifa kamili: viatu vyangu vyote viwili vimemwelekea dada wa uhasibu.

Sasa naomba mnisikilize vizuri. Dada wa uhasibu alikuwa amekaa upande wa mlango. Kikao kilikuwa kimevuka muda wa chakula na mwenyekiti ndiyo kwanza anasema "kwa kifupi". Miguu yangu ilikuwa inautaka mlango, ndugu zangu, na ilikuwa na haki zote. Kama ningejua itapelelezwa ningeikunja chini ya kiti tangu mwanzo.

Kinachonichosha zaidi ni kwamba elimu yenyewe haijui kushindwa. Akikutazama, amekupenda. Asipokutazama, ana haya, kwa hiyo amekupenda zaidi. Akicheka, dalili hiyo. Akinuna, anajikaza asicheke. Akikunja mikono kifuani anaficha siri ya moyo, na kiyoyozi kinachotugandisha humu ndani hakiulizwi kitu. Akiinuka akaenda zake? Amezikimbia hisia. Ukipiga miayo naye akapiga, ndiyo basi tena, mmeshaanza kuigana, leteni washenga.

Nikamwuliza bingwa, "Kaka, sasa mtu asiyempenda mwenzake afanyeje, ili na sisi tumjue?"

Akanyamaza. Akashika kidevu, akaegemea upande wangu, akaniangalia muda mrefu.

Nikamwambia, toa mkono kidevuni, watu watasema unanipenda.

Halafu kuna hii habari ya mboni za macho. Hapa sikatai kwamba kuna wasomi waliochunguza. Yupo mwanasaikolojia wa Chicago, Eckhard Hess, aliyeandika tangu mwaka 1960 kwamba mboni hutanuka mtu akitazama kitu kinachomvutia. Bingwa wetu kalidaka hilo hilo, sasa anasogelea nyuso za watu mpaka wanarudisha viti nyuma. Alichokiacha njiani ni kwamba mboni hutanuka pia gizani. Hutanuka mtu akiogopa. Na Hess huyo huyo, yeye na mwenzake, walionyesha mwaka 1964 kwamba hutanuka hata mtu akizidisha namba kichwani. Mnaona mambo? Dada wa uhasibu, mwisho wa mwezi, mboni lazima ziwe pana kutwa nzima! Hesabu zimegoma kulingana, mtu anatafuta kosa lilipojificha, wewe unahesabu umependwa.

Ndiyo maana mimi sishangai wachumba kupelekana penye mwanga hafifu. Pale hata anayekudai atakutazama kwa mboni za mahaba. Huko Italia ya zamani wanawake walifikia kujitia machoni matone ya mmea wenye sumu ili mboni zitanuke, wapendeze. Zikatanuka kweli, ila macho yakaona ukungu. Yaani mtu anakutazama kwa mapenzi mazito wala haoni kama ni wewe au ni kabati.

Ukimbana bingwa anakurushia asilimia. "Maneno ni asilimia 7 tu ya mawasiliano, zilizobaki 93 ni sauti na mwili!" Namba hizo zinatokana na mwanasaikolojia Albert Mehrabian, utafiti wa mwaka 1967. Lakini mwenyewe alikuwa anapima jambo dogo tu: mtu anaposema neno moja huku sauti au sura ikisema jingine, msikilizaji anaamini nini kuhusu kupendwa au kutopendwa. Na ameshaeleza kwamba hesabu yake haihusu mazungumzo yote ya binadamu. Mimi nina swali langu moja tu la kiungwana. Kama maneno ni asilimia 7, mbona bingwa hanyamazi?

Na kuna jingine ambalo hapendi kabisa nilitaje. Mwaka 2014 mtafiti Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas, Marekani, alitoa utafiti ambamo aliwakutanisha watu wasiojuana, wawili wawili, wakapiga soga, kisha akawauliza: mwenzako alikuwa anakutongoza au la? Kwa yule ambaye hakuwa anatongoza, zaidi ya asilimia 80 walipatia. Kwa yule aliyekuwa anatongoza kwelikweli, wanaume walipatia asilimia 36, wanawake asilimia 18. Kumi na nane! Mtu kajipinda, kaweka sauti ya asali, kachekea hata yasiyochekesha, na aliyekusudiwa anaona tu huyu ana adabu. Huku mimi niliyekaa zangu nikiwaza chakula nimekamatwa kwa kosa la viatu. Haki iko wapi?

Basi nikaamua kujilinda. Kikao kilichofuata nilikaa wima, nyayo sambamba zikitazama ukuta mtupu, mikono juu ya meza, macho kwenye karatasi, miayo nikaimeza. Hata mbu nilimwacha anywe. Tukitoka, bingwa ananipiga bega: "Aliyejikaza namna ile, lazima anaficha kitu kizito."

Sikumjibu. Nilikwenda kukaa peke yangu ukumbini, kazi yangu mbele yangu, na ndipo dada wa uhasibu mwenyewe akaja na kiti chake.

"Kaka, samahani. Nina jambo linanisumbua."

"Karibu, dada."

"Yule mwenzako kila kikao anaangusha kalamu upande wangu. Anazama chini ya meza, akitoka ananitazama macho hata dakika nzima. Naogopa kumvunja moyo. Hivi ananipenda?"

Nikakosa pa kuanzia. Nikamwambia, dada yangu, mimi mambo hayo siyajui, tafadhali mwulize mwenyewe.

Akanitazama usoni. Akashusha macho taratibu mpaka sakafuni, akayaacha huko kidogo.

"Kama huyajui," akasema, "mbona viatu vyako vimeshaelekea mlangoni?"